Siku Tatu Zimekwisha, Nenda Kamsalimie Jirani Yako



Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na wote wanaofuata uongofu wake hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika Ijumaa hii tukufu tumeona tuzungumzie maradhi ambayo hayapelekwi hospitalini, lakini yameingia katika nyumba nyingi za Kinondoni na Temeke. Ni maradhi ya majirani kutosemeshana kwa sababu ya siasa. Watu waliozoea kuazimana chumvi sasa wanapishana uchochoroni kila mmoja akitazama simu yake. Mzee aliyekuwa akikaa na mwenzake barazani baada ya Alasiri sasa anaanika shuka lake upande wa pili wa nyumba. Ukiuliza sababu, hutaambiwa ni mpaka wa kiwanja wala deni. Utaambiwa, "Yule ni wa kule."

Mambo haya hayakuanza jana, lakini yalizidi baada ya Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025. Siku ile jiji letu lilishuhudia maandamano, moto na risasi. Roho za watu zilipotea. Amri ya kutotoka nje usiku ikatolewa, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na kila familia ikajifungia ndani na hofu yake. Milango ilipofunguliwa, watu hawakutoka na neno moja. Mmoja alisema wale vijana walikuwa wahuni. Mwingine alisema walikuwa watoto wa watu, wameuawa bila hatia. Na pale mtaani, kati ya kauli hizo mbili, yupo mama aliyekuwa akimlilia mwanawe, na yupo jirani aliyesita kuingia msibani asije akahesabiwa kuwa wa upande fulani.

Ndugu zangu Waislamu, tunapofika mahali ambapo mtu anaogopa kutoa pole, basi tumefika pabaya.

HAKI YA JIRANI HAINA KADI YA CHAMA

Katika Surat an-Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kumwabudu Yeye peke Yake, na katika aya hiyo hiyo akaamrisha wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali. Wafasiri wengi wameeleza kuwa jirani wa mbali anaingia hata asiyekuwa na udugu nawe na asiyekuwa wa dini yako. Ikiwa asiye wa dini yako ana haki juu yako, vipi huyu mnayesimama naye safu moja katika swala, kosa lake likiwa ni rangi ya fulana aliyovaa wakati wa kampeni?

Mtume (S.A.W.) ameeleza namna Jibril (A.S.) alivyokariri kumuusia juu ya jirani, mpaka akadhani kuwa jirani atapewa fungu katika mirathi. Alimfundisha Abu Dharr (R.A.) kwamba apikapo mchuzi aongeze maji ili na majirani wapate. Na imepokewa kutoka kwa Hassan al-Basri kuwa ujirani ni nyumba arobaini mbele, arobaini nyuma, arobaini kuume na arobaini kushoto. Hizo ni nyumba 160. Kule Tandale au Tandika, nyumba 160 ni vichochoro vichache tu. Kule Bunju au Kijichi, zinaweza kuchukua sehemu kubwa ya mtaa. Jiulize, ndugu msomaji, katika hizo zako unazijua ngapi kwa majina ya wenyewe? Tuliojenga pembezoni tumezungushia kuta na mageti, na wapo majirani tunaowajua kwa honi ya gari tu.

Na kuhusu kununiana, Mtume wetu ametuwekea mpaka ulio wazi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba si halali kwa Muislamu kumsusa nduguye zaidi ya siku tatu, wakawa wanakutana na kila mmoja anageuza uso, na kwamba mbora wao ni yule anayeanza kutoa salamu. Kadhalika imepokewa na Muslim kuwa kila Jumatatu na Alhamisi milango ya Pepo hufunguliwa na waja husamehewa, isipokuwa wawili walio na uhasama baina yao. Hao huahirishwa mpaka wapatane. Hebu tuhesabu. Tangu Oktoba 2025 zimepita Jumatatu na Alhamisi ngapi? Mtu anafunga Sunna siku hizo, anaamka usiku kuswali, kumbe jina lake limewekwa kando kwa sababu ya jirani wa mlango wa tatu.

FUNZO KUTOKA VISIWANI

Nchi yetu imewahi kuonja uchungu wa kususiana, na imewahi kuonja utamu wa kupatana. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa ndugu zetu wa Zanzibar, ambao wengi wao wana jamaa Mbagala, Magomeni na Kinondoni.

Katika uchaguzi wa mwaka 1995, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF akapewa asilimia 49.8. Tofauti ile ndogo ilifungua ufa mkubwa. Waliokuwa wakila sahani moja wakasusiana. Mtu alilipita duka la jirani yake akaenda mbali ili anunue kwa wa chama chake. Kuna magari ya abiria yaliyojulikana kwa vyama. Wapo waliosusa harusi na maziko, na wapo waliokataa kuswali nyuma ya imamu wa upande wa pili. Kisha ikaja Januari 2001, pale maandamano ya tarehe 27 yalipokutana na risasi, watu wakafa, na watu wapatao 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya.

Je, hapakuwa na juhudi? Zilikuwepo. CCM na CUF walitia saini Muafaka wa kwanza mwezi Juni 1999, na wa pili Oktoba 2001. Mazungumzo mengine yalifanyika Bagamoyo, yakakwama mwaka 2008 baada ya kikao cha CCM kilichofanyika Butiama. Wajumbe walikutana, karatasi ziliandikwa, wapatanishi walisafiri, lakini mioyo ilibaki pale pale ilipokuwa.

Kisha, tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar. Hawakutenganishwa na jukwaa wala kipaza sauti. Walikuwa watu wawili waliokuwa mahasimu kwa miaka mingi, wakakaa wakazungumza. Siku mbili baadaye, katika viwanja vya Kibandamaiti, Maalim Seif aliwaambia wafuasi wake kuwa CUF inamtambua Karume kuwa Rais, na baadhi ya wafuasi wakamzomea. Alistahimili. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Katika uchaguzi wa Oktoba mwaka huo, Dk. Ali Mohamed Shein alimshinda Maalim Seif kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1. Tofauti ilikuwa ndogo kama ile ya 1995, lakini safari hii hapakuwa na damu. Watu wakarudi kuzikana na kualikana.

Funzo la kwanza lipo wazi: yale ambayo miafaka miwili ya karatasi haikuyaweza, uso kwa uso uliyaweza.

Lakini lipo funzo la pili, nalo ndilo linalotuhusu sisi tusiokaa Ikulu. Tarehe 28 Oktoba 2015 uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016 bila ya CUF kushiriki. Mara moja kususiana kukarudi Pemba, maduka na misiba ikagawanyika tena. Vyombo vya habari viliripoti hata wanawake walioachwa na waume zao kwa sababu ya kura. Hii ina maana gani? Ina maana kuwa amani iliyojengwa juu ya viongozi peke yao huanguka viongozi wanapoteleza. Laiti majirani wangekuwa wameshika kamba yao wenyewe, ile ya mchuzi, salamu na jeneza, ingewazuia japo juu kulikatika.

Viongozi wenyewe walirudi tena mezani. Desemba 2020 Maalim Seif, wakati huo akiwa ACT-Wazalendo, alikubali kuingia serikalini pamoja na Rais Hussein Ali Mwinyi, na alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais alipofariki tarehe 17 Februari 2021. Alizikwa Mtambwe, Pemba, na watu wa pande zote mbili walimsindikiza. Sasa tuulizane: yule aliyemsusa jirani yake mwaka 2016 kwa ajili ya mzee huyu, na yule aliyesusiwa, walisimama wapi siku ile ya jeneza?

HAPA KWETU KINONDONI NA TEMEKE

Tusiwanyooshee vidole watu wa visiwani. Katika uchaguzi wa 2015, majimbo ya Kinondoni na Temeke yote mawili yalichukuliwa na wagombea wa CUF, ndugu Maulid Mtulia na ndugu Abdallah Mtolea. Watu walikesha wakilinda kura. Maneno makali yalitupwa baina ya nyumba na nyumba, na wapo walioitana wasaliti. Desemba 2017 mbunge wa Kinondoni alijiuzulu akajiunga na CCM, akarudi bungeni kwa uchaguzi mdogo wa tarehe 17 Februari 2018. Novemba mwaka huo huo wa 2018 mbunge wa Temeke naye akafanya hivyo hivyo.

Hatuwalaumu. Kuhama chama ni haki ya kila raia. Tunachosema ni kuwa wao walivuka daraja kwa siku moja, wakapokewa kwa vifijo, ilhali wafuasi waliogombana kwa ajili yao walibaki kila mmoja ng'ambo yake. Na katika vurugu za kampeni ile ya Kinondoni, tarehe 16 Februari 2018, risasi ilimuua binti mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa abiria ndani ya daladala. Hakuwa katika maandamano. Alikuwa safarini tu. Fitina ikishawaka haichagui nani wa kuunguza.

Tuitazame pia Mbagala. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu ya ghala la jeshi yalilipuka, zaidi ya watu 20 wakafa na nyumba nyingi zikabomoka. Watu walikimbia wakiwa wamebeba watoto ambao hata hawakuwajua. Aliyegongewa mlango hakuuliza dini wala chama, alifungua. Miaka mitatu tu baadaye, Ijumaa ya tarehe 12 Oktoba 2012, Mbagala hiyo hiyo ilichomewa makanisa kwa sababu ya mabishano ya watoto wawili juu ya Msahafu. Kukosewa adabu Kitabu cha Allah ni jambo zito, na moyo wa Muislamu lazima uumie. Lakini tuseme kweli hata kama ni dhidi ya nafsi zetu: jambo la watoto wawili lilistahiki wazazi wa pande zote, imamu na mchungaji kuketi juu ya mkeka mmoja. Waliokimbilia viberiti hawakumtetea Mtume (S.A.W.). Walikwenda kinyume na mwenendo wake.

MTUME (S.A.W.) ALISIKILIZAJE?

Wengi wetu tunadhani kusikiliza ni kunyamaza huku tukitafuta jibu la kumnyamazisha mwenzetu. Tuangalie sira. Makureshi walimtuma Utba bin Rabia kwa Mtume (S.A.W.) ili amshawishi aache daawa. Utba akaeleza: ukitaka mali tutakupa, ukitaka ukubwa tutakufanya mkubwa wetu, ukitaka ufalme tutakutawaza, na ikiwa ni maradhi tutakutafutia tabibu. Maneno yale yalikuwa na dharau ndani yake. Hata hivyo Mtume hakumkatiza. Alimwita kwa lakabu yake ya heshima, Abul-Walid, akamuuliza kama amemaliza. Alipojibu kuwa amemaliza, ndipo naye akamwomba asikilize, akamsomea kutoka Surat Fussilat. Utba hakusilimu, lakini aliporudi kwa watu wake walisema uso wake si ule aliokwenda nao, na akawashauri wamwache Muhammad.

Tazama mpangilio ule: alimwacha amalize, akamheshimu kwa jina, akahakikisha kuwa amemaliza, ndipo akasema. Haya alimfanyia mshirikina aliyekuja kumrubuni. Sisi hatumpi nafasi hiyo hata kaka wa tumbo moja anapotaja chama chake mezani.

Na Surat al-Mujaadila inafunguka kwa habari ya mwanamke, Khawla bint Thaalaba (R.A.), aliyemjia Mtume kulalamika juu ya mumewe. Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa Yeye aliyasikia mazungumzo yale. Mola wa mbingu na ardhi anasikiliza mashitaka ya mwanamke mmoja, nasi tunamwambia mama aliyefiwa, "Hayo tumeshayasikia."

KUSIKILIZANA SI KUFUKIA HAKI

Huenda msomaji akauliza: mnatutaka tukumbatiane na kusahau? Hapana. Uislamu haujui amani iliyofungwa juu ya dhulma. Mtume (S.A.W.) ameagiza tumsaidie ndugu yetu, awe mwenye kudhulumiwa au mwenye kudhulumu, na akaeleza kuwa kumsaidia dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Surat al-Hujuraat, katika aya ya 9, inapoamrisha kusuluhisha makundi ya waumini yanayopigana, inaamrisha suluhu hiyo iwe ya uadilifu.

Basi aliyepotelewa na mtu wake ana haki ya kujua nini kilitokea, na aliyechomewa mali yake ana haki hiyo hiyo. Novemba 2025 Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Kazi ya tume ni ya tume, na kazi ya mahakama ni ya mahakama. Lakini hakuna tume itakayompelekea uji mfiwa wa mlango wa pili. Hakuna hakimu atakayekaa na kijana mwenye hasira hapo kijiweni akamuuliza, "Mwanangu, nini kimekuuma?" Hayo Mwenyezi Mungu ametuwekea sisi, naye atatuuliza sisi. Tena haki haisimami bila mashahidi wanaoaminiana. Mtaa uliogawanyika kila mtu huficha alilolijua, na dhalimu hulala usingizi mnono.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila mmoja wetu leo baada ya swala ya Ijumaa amkumbuke mtu mmoja tu aliyeacha kusemeshana naye, kisha aende kwake kwa miguu, asitume ujumbe wa simu. Abishe hodi, atoe salamu, aulize hali ya watoto. Siku ya kwanza siasa isitajwe.

Pili, likija suala la siasa, tufuate adabu ya Mtume wetu kwa Utba. Mwache mwenzako amalize. Muulize kama amemaliza. Kabla ya kujibu, mrudishie maneno yake kama ulivyoyaelewa, ili ajue kuwa umemsikia. Na yaliyosemwa barazani yabaki barazani, kwani anayenakili kauli ya jirani yake na kuipeleka kwa wakubwa au mitandaoni amekhini amana.

Tatu, tuhakikishe habari kabla ya kuisambaza, kama inavyotuagiza aya ya 6 ya Surat al-Hujuraat. Nusu ya chuki za mitaani kwetu zimeingia kupitia simu, kwa picha ya mahali pengine na sauti isiyo na mwenyewe.

Nne, maimamu na kamati za misikiti wailinde mimbari. Imamu akishakuwa mpiga debe wa chama, nusu ya maamuma wake hawamsikii tena hata anapotaja Pepo na Moto. Badala yake msikiti ufungue ua wake. Wazee, vijana, kina mama na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wakae baada ya Alasiri, na majirani zetu Wakristo waalikwe, wazungumze shida za pamoja: mtaro uliozibwa, maji, taa za uchochoroni. Watu waliozibua mtaro mmoja hawachomeani nyumba kirahisi.

Tano, wazazi tuchunge ndimi zetu mbele ya watoto. Mtoto haijui sera ya chama chochote. Anachojua ni kuwa baba hamjibu baba wa rafiki yake, naye kesho hatacheza na rafiki huyo. Urithi huo tusiwaachie. Na wenye ndoa wakumbuke kuwa kura ni siri ya mwenye kupiga. Si sababu ya talaka.

Ndugu msomaji, kwa sensa ya mwaka 2022 Temeke ina watu 1,346,674 na Kinondoni watu 982,328. Hakuna kiongozi, awe wa dola au wa chama, atakayewakutanisha wote hao. Lakini kila mmoja wao ana jirani. Chama kina ofisi na bendera, na mwenyekiti wake ana walinzi. Wewe usiku wa manane mtoto akishikwa na degedege, utamgongea yule aliye ng'ambo ya ukuta. Nenda kamgongee leo, kabla ya dharura, na hodi yako iwe ya salamu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliotangulia, awape subira wafiwa, awaonyeshe haki waliodhulumiwa, alainishe nyoyo zetu na aunganishe yaliyokatika baina yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.